Babu alirudi hai, ndiyo maana simpati

Babu alikuwa Keya, yaani King's African Rifles ya Waingereza, batalioni ya 36, ile ya Tanganyika iliyopelekwa Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa beji ya kichwa cha kifaru. Mdogo wake naye alikwenda. Babu akarudi, mdogo wake hakurudi. Mwaka huu shangazi kanikabidhi kopo la biskuti, ndani mna kitabu cha babu cha kuachishwa jeshi. "Mwanangu, watafute hawa mimi ningali na macho."

Nilianza na hifadhi ya majina ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Ni bure. Inahusu waliokufa tu: Vita vya Pili wanahesabu kuanzia 3 Septemba 1939 mpaka mwisho wa 1947. Niliandika jina la mdogo wa babu kama tunavyoliita nyumbani, sikupata kitu. Ikabidi nijiweke mahali pa karani aliyelisikia mara moja, juani, foleni ndefu nyuma yake. Athumani anaweza kuwa Asumani, "bin" ikageuka "s/o", yaani "son of". Mwisho nikaachana na jina kabisa, nikachuja kwa kikosi na mwaka, nikawa nasoma mmoja mmoja.

Akatokea. Namba, cheo, tarehe, na ubao ulikochongwa jina lake: Rangoon Memorial, ndani ya makaburi ya Taukkyan, nje ya Yangon. Hapo pana majina kama 27,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana. Unaweza hata kupakua cheti cha kumbukumbu. Saa moja hivi na bando la buku. Nyota tano. (Ila kama wako alikuwa mpagazi wa 1914–18, hawa wa "Carrier Corps" waliotuachia jina la Kariakoo, punguza matumaini. Wengi wao hawakuandikwa majina, na Tume yenyewe iliomba radhi kwa hilo mwaka 2021.)

Babu sasa. Aliyerudi hai hana ubao. Mafaili ya wanajeshi yanayohamishiwa hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, tangu 2022 ni mamilioni, lakini ni ya jeshi lao wenyewe, si ya askari wa Keya. Binamu yangu wa London akaenda kunipigia picha shajara za vita, mfululizo wa WO 172. Zinaeleza kikosi kilivyolala na mvua bonde la Kabaw, afisa fulani kaumia, jina lake hilo. Askari wetu ni tarakimu. Njia ya pensheni nayo ni finyu, maana wengi waliachishwa na kiinua mgongo cha mkupuo, basi, hakuna malipo ya kila mwezi ya kufuatilia.

Kwa hiyo faili la babu ni lile kopo. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga. Nilipeleka kitabu kwenye duka moja la fotokopi, kijana akanishauri tupige laminesheni "kisichakae". Ukurasa wa tatu ukakwama mashineni, ukatoka na mkunjo uliogandishwa humo humo kwenye nailoni. Elfu mbili nikalipa. Nyota sifuri, na moja ya hizo sifuri ni yangu mwenyewe. Karatasi ya miaka themanini haipitishwi kwenye moto wala haibandikwi solotepu. Ungeipiga picha kivulini karibu na dirisha, bila flashi, ukairudisha kwenye bahasha mahali pakavu.

Shangazi alipoona cheti kwenye simu alivaa miwani, akasoma polepole, akacheka. "Jina la babu yangu wamelikosea."

Tume hupokea masahihisho ukileta ushahidi. Ushahidi ninao: babu na mdogo wake baba yao ni mmoja, na kitabuni kuna mstari wa ndugu wa karibu wenye jina la baba huyo sawasawa. Uko ukurasa wa tatu, chini ya mkunjo.