Firefox au Chrome: ipi inabakapika vizuri kabla ya kupiga Windows upya?

Haya jamani, leo nazipima brauza mbili kwa swali moja tu, ukifuta diski ukaweka mfumo upya, ipi inakurudishia bukumaki, historia na pasiwedi zako bila kukuhangaisha?

Naanza na Firefox maana hapa ndo pananoga. Andika about:support pale juu kwenye anwani, shuka kidogo utaona mstari wa folda ya profaili, yaani folda ambamo Firefox inaweka mambo yako yote, bofya kitufe chake inafunguka. Angalieni hapa kwenye skrini, hii places.sqlite ndo imebeba bukumaki na historia, halafu kuna logins.json na key4.db, hizi mbili haziachani kabisa, ukibeba logins.json peke yake pasiwedi hazisomeki kwa sababu ufunguo wake uko kwenye key4.db. Kwa hiyo usianze kuchaguachagua, funga brauza kwanza, manake ikiwa wazi bado inaandika kwenye hizo faili, alafu kopi folda nzima kwenye fleshi. Mfumo mpya ukishakaa unaingia about:profiles, unatengeneza profaili, unaielekeza kwenye ile folda, basi. Ila Firefox utakayoweka isiwe toleo la zamani kuliko ile ya mwanzo, tangu toleo la 67 la 2019 inaikataa hiyo profaili, inakwambia utengeneze nyingine.

Chrome sasa. Watu wanakopi folda ya User Data, ile Chrome inamoweka mambo yako, wanajua wamemaliza, na kweli bukumaki zitarudi, lakini kwenye Windows pasiwedi zimefungwa na ufunguo wa akaunti yako ya Windows ileile, ukishaifuta na ufunguo umeenda. Hapo lazima uingie kwenye mipangilio ya pasiwedi uzitoe kama faili ya CSV, na hiyo faili jamani ni maandishi wazi, yeyote akiifungua anasoma kila kitu, ukishaziingiza kwenye brauza mpya ifute siku hiyohiyo, usijitumie kwa imeili.

Najua mtasema si kuna sinki (Sync), yaani ile ya kuingia na akaunti data zako zikapanda mtandaoni na kushuka kwenye vifaa vyako vyote? Ipo, na mimi naipenda kwa kuunganisha simu na kompyuta, lakini bukumaki ukiifuta huku inafutika na kule, na Mozilla wenyewe, wenye Firefox, wanasema Sync siyo bakapu. Tena ukisahau pasiwedi ya akaunti yao ukaibadilisha bila kuwa na ufunguo wa kurejesha akaunti, data za kwenye sava zinaweza kufutwa, kawaida kompyuta yako ingezipandisha tena lakini wewe kompyuta ndo umeshaisafisha, utazitoa wapi?

Kwangu mimi Firefox inashinda, tena kwa mbali. Ila yoyote utakayotumia, kabla hujafuta diski chomeka hiyo fleshi kwenye kompyuta nyingine, fungua uone bukumaki na pasiwedi zinatokea, ndo uendelee.