TAHADHARI: Fluoro ya "asilimia 100" ya rili za spining kumbe nailoni tupu, na ile video ya glasi ya maji ndo mtego wenyewe

Wakuu, kama una spuli ya mita 300 ya mshipi wa kuvulia samaki wa fluorokaboni (fluoro) kwenye kapu lako la kununua mtandaoni, muuzaji anasema ni maalum kwa rili za spining (zile ambazo spuli haizunguki unaporusha), na chini kuna video ya kipande cha mshipi kinazama kwenye glasi ya maji, subiri kwanza usome hapa. Mimi nimeshalipa, nimeshavua nayo msimu mzima, nimeshapoteza samaki na chambo bandia za kutosha, na wiki hii ndo nimejua nilichouziwa.

Muuzaji simtaji jina, na hata nikimtaja haisaidii maana ameshabadilisha jina la duka mara mbili tangu nianze kumfuatilia, picha zilezile, lebo ileile, jina jipya. Kwaiyo shika mbinu, achana na jina.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilikuwa nataka fluoro ya unene wa milimita 0.25, nguvu ya ratili 10, nijaze rili moja kwa moja bila breidi (mshipi wa kusukwa). Wanaojua rili za spining wanajua hapo kuna kazi, fluoro ya kweli ni ngumu, ina kumbukumbu, ukiifunga kwenye spuli ndogo ikatulia siku mbili inatoka imejiviringa kama chemchemi, ukizubaa unapata kiota cha ndege, yaani mshipi umejisokota fundo moja kubwa, kwenye pete ya kwanza ya fimbo. Ndo maana nikaenda kusoma maoni ya wateja. Na maoni yalikuwa matamu balaa: laini, haijiviringi, inarushika mbali, fluoro bora niliyowahi kuweka kwenye spining. Nyota tano, nyota tano, nyota tano.

Sasa hapo ndo pa kushtukia, na mimi sikushtuka. Wale watu wala hawakuwa wa kulipwa, naamini walikuwa wanasema ukweli mtupu, mshipi ulikuwa laini kweli kwasababu ni nailoni! Nailoni inakaa vizuri kwenye rili ya spining kuliko fluoro, siku zote. Yaani tapeli huyu kagundua kwamba ukimuuzia mtu wa spining nailoni kwa bei ya fluoro, mtu atakushukuru na nyota atakupa. Angejaribu kwa watu wa rili za beitikasti (zile ambazo spuli inazunguka) wangemgundua mapema kidogo, ila sisi tuliozoea kuteswa na fluoro tukiona inatii tunadhani teknolojia imekua.

Dalili zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa siku ya kujaza. Rili yangu inachukua kama mita 150 za 0.25, imeandikwa kabisa kwenye spuli. Ikajaa nikiwa nimeingiza mita mia na kidogo. Nikajilaumu, nikasema nimefunga kwa kulegeza, nikafungua nikafunga upya kwa kubana na kitambaa chenye maji, ikajaa palepale. Ya pili, ukivua kutwa nzima, jioni mshipi umelegea, umekuwa kama tambi iliyoiva, na fundo ambalo asubuhi lilikuwa linavumilia jioni linakatika kwa mvuto wa kawaida tu. Nailoni inakunywa maji na ikilowa nguvu inapungua, fluoro hainywi maji. Nilijua hilo kwa kusoma ila sikuliunganisha na rili iliyokuwa mkononi mwangu, nikabadilisha fundo mara tatu, nikalaumu ndoana, nikalaumu mawe.

Nilipomwandikia muuzaji akanijibu kwa heshima sana, eti ndugu mteja jaribu mwenyewe, kata kipande weka kwenye glasi ya maji, kikizama ni fluoro, kikielea ni nailoni. Akatuma na ile video. Nikajaribu, kikazama. Nikamwomba radhi!! Nikiikumbuka ile meseji yangu ya kuomba radhi naona aibu mpaka leo.

Kwasababu nailoni nayo inazama, bana. Maji uzito wake tuseme ni 1, nailoni ni kama 1.14, fluoro ni kama 1.78. Zote mbili zinazama, kinachoelea ni breidi ambayo iko kwenye 0.97 hivi. Kwenye maji ya bomba tofauti ni mwendo tu, fluoro inashuka haraka, nailoni inashuka kama haitaki, na kama huna kipande cha uhakika cha kulinganisha pembeni utaona kimezama basi umeridhika. Maji ya bahari pia hayasaidii, ni mazito kidogo tu kuliko ya kawaida. Ile video haina uongo hata mmoja ndani yake, ndo ubaya wake.

Dawa ni chumvi. Chukua glasi ya maji ya moto, tia chumvi ya jikoni ukoroge, tia tena koroga, mpaka chumvi igome kuyeyuka ibaki chini. Nusu lita inakula karibu gramu 180, kwaiyo usione ajabu ukitia vijiko vingi. Acha ipoe. Maji hayo yaliyoshiba chumvi yanafika kama 1.2, yaani yamepita nailoni ila hayajaikaribia fluoro. Kata kipande cha sentimita moja au mbili, kizamishe kwa kidole chini kabisa, kisugue kitoe mapovu, halafu kiachie. Fluoro inabaki chini. Nailoni inapanda juu yenyewe. Usikiweke juu juu tu, maana hata fluoro nyembamba inaweza kukaa juu ya uso wa maji kama mdudu ikakuchanganya.

Changu kilipanda. Nikarudia mara nne, kikapanda mara nne. Nikachukua kipande cha lida (fluoro fupi ya kufunga mbele ya mshipi) ya zamani ninayoiamini, kikakaa chini kama msumari.

Bado nikataka uhakika zaidi nikaenda kwenye mzani, na hapa sikilizeni vizuri maana mzani peke yake ulitaka kunidanganya. Mita 100 za fluoro ya 0.25 inatakiwa iwe gramu 8.7 hivi, nailoni ya unene huohuo inakuja 5.6. Nikavuta mita 100 kati ya nguzo mbili, nikapima: gramu 8. Nikasema ebo, mbona karibu na fluoro? Ndo nikakumbuka ile rili iliyojaa mapema. Nikauzungusha mshipi kwenye penseli mizunguko 20 iliyobanana, ambayo kwa 0.25 inatakiwa ichukue upana wa milimita 5, ikachukua 6. Maana yake mshipi ni 0.30. Na fluoro ya 0.30 ingekuwa gramu 12 na nusu kwa mita 100, nailoni ya 0.30 ndo gramu 8. Kila kitu kikakaa mahali pake, kaandika mwembamba, kauza mnene, ndo maana hata ratili 10 ukiupima ukiwa mkavu unafika bila shida. Kwaiyo pima unene kwanza ndo upime uzito. Na mita 300 zenyewe zilikuwa 230 na ushee, ila kwa hili wala sikushangaa.

Jambo moja la hatari. Kuna watu wanashauri kuchoma, eti nailoni inawaka na kuvuta uzi, fluoro inagoma kuwaka. Tofauti ipo kweli lakini msichome. Fluoro ni plastiki yenye florini ndani, PVDF, ikiungua inatoa moshi wa haidrojeni floridi, sumu kali inayoshambulia macho na mapafu. Chumvi inatosha.

Kuna na mchezo mwingine ambao huwezi kumshtaki mtu vizuri kwa sababu kaandika ukweli kwa herufi za mchwa: mshipi "uliopakwa fluorokaboni". Huo ndani ni nailoni, nje kapakwa utando. Sio bidhaa mbaya, kuna wanaoupenda kwa spining hasa kwa ulaini wake, ila bei yake haitakiwi kuwa bei ya fluoro tupu, na kwenye picha ya kwanza neno "fluorokaboni" ndo kubwa, neno "uliopakwa" unalitafuta kwa miwani. Na neno Japani pia lisikubabaishe. Fluoro ya kuvulia ilianzia huko kweli, kampuni ya Kureha na mshipi wao wa Seaguar mwaka 1971, kwaiyo kila tapeli anabandika Japani kwenye lebo kama dua.

Kingine ni lida kuuzwa kama mshipi wa kujaza rili. Hapo ni fluoro halali kabisa, ila lida inatengenezwa ngumu makusudi, ukiijaza kwenye spuli ndogo ya spining utalia. Ukiona inauzwa vipande vya mita 25 au 50 basi hiyo ni ya kufunga mbele, sio ya kujaza.

Mkiniuliza saivi nanunua ipi kwa spining, nashuka unene tu. Ratili 6 mpaka 8, ambayo kwa fluoro nyingi ni kama 0.20 mpaka 0.235, inatulia kwenye rili ya kawaida. Ratili 10 naiweka kwenye spuli pana tu, zaidi ya hapo naweka breidi na kufunga lida ya fluoro mita moja au mbili mbele, habari inaisha. Usijaze mpaka ukingoni, acha milimita mbili hivi, beili (ule waya wa rili unaopokea mshipi) ifunge kwa mkono, na fundo lilowanishe kabla hujalikaza maana fluoro ikikazwa kavu inajiunguza na kukatika palepale. Na mtu akikuambia ana fluoro nene ya ratili 15 ambayo kwenye spining haijiviringi hata kidogo, muombe kipande, nenda nacho kwenye chumvi.

Kwa waliokwisha nunua: msitupe kitu, tunza spuli, tunza kifungashio chenye lebo, piga video moja isiyokatwa ukianzia kwenye lebo, unakata kipande hapohapo, unakitia kwenye maji ya chumvi pamoja na kipande cha fluoro ya uhakika. Mlalamikie kwenye mfumo wa soko lenyewe, usikubali kuhamia kwenye meseji za pembeni, mimi alinihamisha huko na siku za kulalamika zikakaribia kuisha tukiwa tunapigana "ndugu mteja, ndugu mteja".

Nilipomtumia video ya chumvi akakaa kimya siku mbili, kisha akarudi anataka anirudishie nusu ya hela nikimpa nyota tano. Nimekataa. Malalamiko yapo kwa soko, nimeweka na picha ya penseli. Jana nimepita tena kwenye duka lake jipya, tangazo lipo, maoni mapya yameongezeka, mmoja kaandika "haijiviringi kabisa, kama nailoni".