Utani wa chumbani: kutaja wazi au kupiga fumbo?

Mchekeshaji wa kike wa Dar es Salaam anayegusa mambo ya chumbani ana njia mbili.

Kutaja wazi huleta kicheko cha haraka, na kunafaa ukumbi wa usiku wenye watu wazima waliolipa kiingilio wakijua wanachofuata. Lakini neno zito likitoka dakika ya kwanza, hakuna pa kupanda tena. Anza na jambo la kawaida, labda foleni ya Mbagala, neno kali liwe la mwisho katika sentensi, kisha nyamaza. Ukiongea watu wakiwa bado wanacheka, unakiua kicheko. Klipu usiirushe ovyo pia: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinakataza maudhui ya ngono.

Fumbo lina mizizi hapa. Wanawake wa Pwani wamelilea kwenye kanga, mipasho ya taarabu na unyago, ambako somo, yaani kungwi, humfunda mwari mambo mengi mazito kwa mafumbo. Ni kazi ngumu zaidi. Utani mmoja ubebe picha moja, kinu na mchi kwa mfano, na maana ya juu isimame yenyewe hata mtoto akisikia asishtuke. Jicho na mkono vimalizie. Fumbo linaharibika mchekeshaji anapoogopa ukimya na kuanza kufafanua. Kwa vijana wasiojua kutwanga, tumia chaja na soketi.

Kwenye harusi, wakwe wakiwa meza ya mbele, fumbo ndilo pekee la kutumia. Ila mwanamume akikukatiza kwa matusi, mjibu wazi, sentensi moja, uendelee.