Walifunika uozo wa boti yangu kwa sakafu mpya, kisha wakaniita mbishi

Sitaki mtu aseme nimeandika kwa chuki kuhusu karakana niliyoipelekea boti yangu, kwa hiyo naanza na walichokipatia. Rangi ni nzuri. Jelikoti ya ubavuni, ule utando mgumu wa nje, wameisugua mpaka imerudi kung'aa, mstari wa buluu umenyooka kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na viti wamevishona upya kwa ngozi isiyonyonya maji. Mtu akiiona kwa mbali atadhani imetoka kiwandani juzi. Kama ningekuwa nimewapelekea boti wapake rangi tu, ningewapa nyota tano na kuwasifu kila ninapokaa.

Lakini kilichonipeleka kwao ni uozo.

Boti yangu ni ya faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini), ya zamani, ya injini ya kupachika nyuma. Wengi hudhani boti ya faiba haiozi, na kwa ganda lenyewe ni kweli. Kinachooza ni mbao zilizofungwa ndani yake: mihimili mirefu inayolala chini ya sakafu kutoka mbele kwenda nyuma, plaiwudi ya sakafu juu yake, na ule ubao mnene wa tezi unaobeba injini. Kila skurubu iliyopigwa bila kuzibwa, kila tundu la bolti ya injini, na tundu la kizibo cha kutolea ngama (maji yanayojikusanya tumboni mwa boti), maji hupenya hapo taratibu. Yakishaingia hayana pa kutokea, maana mbao imevikwa faiba pande zote. Kuvu wa kuozesha mbao anachotaka ni unyevu uliozidi asilimia 20 hivi, hewa kidogo na joto la kawaida. Mle ndani anavipata vyote.

Dalili nilikuwa nazo kabla ya kwenda kwao. Sakafu ilibonyea nikikanyaga mbele ya kiti cha nahodha. Bolti za injini zilikuwa zinavuja majimaji ya kahawia hata boti ikiwa nchi kavu. Na ukiinua injini kisha ukaisukuma chini kwa mkono, ubao wa tezi ulikuwa unacheza. Ubao huo haupaswi kucheza hata kidogo, kwa sababu ndio unaopokea uzito wa injini na msukumo wake wote. Ukipasuka uko majini, unaweza kupoteza injini na boti kwa pamoja, na waliomo ndani wakabaki kuogelea.

Haya yote niliwaeleza, na tukaandikiana: mihimili iliyooza itolewe, povu la kuelea lililojazwa chini ya sakafu, ambalo limelowa, litolewe, ubao wa tezi ubadilishwe. Rangi ilikuwa kitu cha mwisho kwenye ile karatasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka damu inachemka. Nilipita karakana kazi ikiwa inaendelea, nimeongozana na mdogo wangu wa kiume ambaye hajui lolote kuhusu boti, alikuja kunisindikiza tu. Nikakuta sakafu mpya imeshafungwa. Nikamsalimia fundi mkuu, nikamwuliza, "Fundi, ile mihimili mliyoitoa iko wapi? Naomba niione."

Alinitazama, akamgeukia mdogo wangu, akamjibu yeye: "Kaka, mwambie dada asiwe na wasiwasi. Mambo ya ndani tumeshamaliza."

Nikauliza kuhusu povu. Akamjibu mdogo wangu. Nikauliza wametumia epoksi au poliesta, zile resini mbili za kugandishia faiba. Akamjibu mdogo wangu, na jibu lenyewe lilikuwa "dawa nzuri". Mdogo wangu akaona aibu, akamwambia, "Fundi, boti ni ya dada, zungumza naye." Nikamwomba atoboe tundu dogo tu sakafuni, nione chini kuna nini, nitalilipia. Hapo ndipo aliponiona. "Dada, boti haitobolewitobolewi hovyo. Ukiwa mbishi hivi, chukua boti yako upeleke kwingine." Vijana wake wakacheka. Yeye akarudi kwenye rangi.

Nataka wasomaji waelewe kwa nini swali langu halikuwa la ubishi. Mbao zilizooza za boti nzima, pamoja na povu lililojaa maji, ni rundo kubwa na linanuka. Hulifichi kona ya karakana. Fundi aliyezitoa angenyoosha kidole tu, "zile pale." Na kama alishazitupa, angesema amezitupa wapi. Mtu aliyefanya kazi anapenda kuulizwa kazi yake.

Boti niliipokea. Ilipoingia majini, tezi ililala chini vilevile kama zamani, na kuinua omo kwa mwendo ilikuwa kazi. Boti iliyotolewa povu lililolowa hupungua uzito hata mtoto akaona tofauti. Yangu haikupungua kitu.

Nikachukua nyundo ya plastiki, nikaanza kugonga polepole, sehemu kwa sehemu. Faiba iliyoshikana na mbao nzima hutoa mlio mkavu, mkali. Palipooza au palipoachana hutoa mlio mfu. Nusu ya chini ya ubao wa tezi ilikuwa mfu kutoka upande hadi upande. Nikatoboa kwa drili kutokea ndani, nikiacha ganda la nje bila kuligusa. Mbao nzima hutoa chenga za rangi ya mbao, kavu. Kwangu drili ilizama bila kusukumwa, ikarudi na tope jeusi, kisha maji yakaanza kuchuruzika kwenye lile tundu na hayakukoma mpaka usiku.

Hapo nikaikata sakafu. Plaiwudi ya juu ilikuwa mpya kweli, sikatai. Chini yake mihimili ilikuwa ileile ya zamani. Juu ya kila muhimili walikuwa wamelaza mkeka mmoja wa faiba kwa resini ya poliesta na kuupaka rangi ya kijivu ili uonekane mpya. Nikaingiza ncha ya patasi pembeni, mkeka ukabanduka wote kwa mkono kama plasta ya kidonda iliyolowa. Mbao ya chini yake ilikuwa nyeusi, nyuzi zake zinakatika kwa kucha. Na skurubu za sakafu yao mpya, bado zinang'aa, zilikuwa zimepigwa ndani ya uozo huohuo. Nilizichomoa kwa vidole viwili. Bisibisi sikuigusa. Nikakata kipande cha povu nikakikamua, maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Poliesta haishiki kwenye mbao yenye maji. Hata kwenye mbao kavu inashika kwa udhaifu kuliko epoksi, na fundi yeyote wa faiba anajua hilo. Kumbe kufunika vile ni kubaya kuliko kutofanya kitu, maana zamani angalau mipasuko ya sakafu ilikuwa inaruhusu unyevu kidogo kutoka. Wao wameufungia ndani. Na povu lile si pambo. Liko pale ili boti ikijaa maji isizame; kanuni za Marekani zilizotokana na sheria ya usalama wa boti ya mwaka 1971 zinazitaka boti nyingi za injini zilizo chini ya futi 20 ziwe na kitu cha kuzifanya zielee. Povu likishanyonya maji kwa miaka halikauki hata ukiianika boti msimu mzima. Kwa hiyo nilikuwa nabeba watu kwenye boti yenye mihimili iliyokufa, ubao wa injini uliokufa, na povu linaloivuta chini, na kila mmoja wetu alikuwa ameambiwa imetengenezwa.

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimepanga nyota mbili, kwa ajili ya rangi na viti. Nimeziondoa. Rangi ya namna hiyo ndiyo iliyowafanya watu wapande.

Kwa hasira nilizokuwa nazo nilitaka pia kuwashauri wote wenye boti kuukuu za faiba waachane nazo kabisa, kwamba ukarabati wa aina hii ni kutupa pesa. Siku hizo niliamini hivyo. Siamini tena, na aliyenibadilisha ni mzee mmoja anayefanya kazi peke yake bila kibao wala ofisi.

Mzee huyu hakugusa grenda mpaka alipotengeneza vitanda vya kuishikilia boti chini, vinavyofuata umbo lake sehemu nyingi. Nikamwuliza kwa nini anapoteza muda huo wote. Akanijibu mimi, ananitazama usoni: "Mwanangu, hili ganda linasimama kwa sababu ya mihimili. Ukiitoa likiwa halijashikwa, linalegea na kupinda. Ukigandisha mihimili mipya juu ya ganda lililopinda, umeipindisha boti maisha yake yote." Boti yenye tumbo lililopinda haitulii kwa mwendo, inarukaruka omo, na hakuna kurekebisha injini kutakakoiponya. Ndiyo maana alikuwa anatoa muhimili mmoja na kuurudisha mpya kabla ya kugusa mwingine, na alivuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo kupima kila kimo kabla hajakata.

Kukwangua ndani ni kazi ya mateso. Vumbi la faiba linawasha mwili mzima na halifai kuingia mapafuni, kwa hiyo alivaa barakoa yenye vichujio na mimi akanivalisha. Alikwangua mpaka akafika kwenye faiba safi, angavu, isiyo na rangi wala mafuta. Mbao alizochagua ni plaiwudi ya majini. Akanieleza kwamba gundi yake haitofautiani sana na ya plaiwudi nzuri ya nje, ila tabaka zake za ndani hazina mapengo, na pengo ndipo maji hukaa. Kila kipande alikinywesha epoksi pande zote, hasa kwenye vichwa vya nyuzi ambako mbao hunywa maji kwa kasi. Kona kati ya muhimili na ganda aliijaza epoksi nzito na kuizungusha kwa ncha ya kijiko cha mbao, kwa sababu kitambaa cha faiba hakikubali kona kali; kinainuka na kuacha hewa chini yake. Juu akalaza kitambaa kilichoshonwa, tabaka juu ya tabaka, kila moja pana kuliko ya chini yake. Ule mkeka wa kawaida wa nyuzi fupi hakuutaka, kwa kuwa gundi inayozishika nyuzi zake imekusudiwa kuyeyuka ndani ya poliesta, na kwenye epoksi haiyeyuki.

Ubao wa tezi ulitoka vipandevipande kwa koleo. Mpya ni tabaka mbili za plaiwudi zilizogandishwa pamoja na kubanwa mpaka zikauke. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni matundu ya bolti. Alitoboa tundu kubwa kuliko bolti, akalijaza epoksi nzito, akaacha ikauke, kisha akatoboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi na haigusani na mbao popote. Hata silikoni ya kuzibia bolti ikizeeka, maji hayana pa kuanzia. Boti yangu isingeoza kamwe pale kama kiwanda kingefanya hivyo tangu mwanzo, na kazi yenyewe haihitaji mashine yoyote isipokuwa drili.

Basi nasema wazi: boti hizi zinatengenezeka, na zikitengenezwa hivi zinakuwa imara kuliko zilivyozaliwa. Yangu sasa inainua omo mapema, na ukisukuma injini kwa nguvu zako zote ubao wa tezi hauchezi hata kidogo. Nina furaha nayo kuliko boti yoyote niliyowahi kupanda.

Furaha hiyo ndiyo inayonizidishia hasira na ile karakana, kwa sababu nimeona kwamba kazi inawezekana. Niliwarudia na gunia la zile mbao nyeusi na mkeka wao wa kijivu ukiwa bado umening'inia. Fundi mkuu akasema hizo zinaweza kuwa za boti nyingine. Safari hiyo alinijibu mimi, maana mdogo wangu hakuwepo. Nikamwonyesha skurubu zake. Akasema kijana aliyefunga sakafu ameshaondoka kazini. Nikaomba nirudishiwe malipo ya mihimili na ubao wa tezi, vitu viwili ambavyo havikufanywa kabisa, ya rangi na viti abaki nayo. Aliniahidi kunipigia. Hajapiga, na simu yangu hapokei.

Kama boti yako iko kwao sasa hivi, nenda kabla hawajafunga sakafu. Omba kuona mbao zilizotolewa, piga picha kila muhimili mpya ukiwa wazi, na gusa povu kwa mkono wako. Wakikukatalia, ichukue hivyohivyo ilivyo, hata kama haina sakafu wala viti. Kuivuta ikiwa wazi ni nafuu kuliko kumlipa mtu mwingine aifungue upya.