Kuunganisha deki ya kurekodia na TV bapa: kabla hujalipa, mtazame bi harusi

Bibi aliitazama video ya harusi ya dada yangu kama dakika tatu, kisha akasema, "Kumbe miaka ile tulikuwa tukila vizuri."

Dada yangu siku anaolewa, mwaka 2007, alikuwa mwembamba kama uzi. Kwenye TV yetu mpya ana mashavu ya maandazi. Kungwi kawa mpana kama kabati, na keki ya duara imegeuka yai. Chakula hakihusiki hapo. Aliyetunenepesha ukoo mzima ni kiboksi cha kuunganishia deki na TV nilichokinunua Darajani kwa Sh 35,000.

Nyumbani tuna deki ya Panasonic ya kurekodia DVD. Imeshazika TV mbili za chogo. Lile giza la miezi mitatu lililotukuta Unguja kuanzia Disemba 2009 liliipita, umeme uliporudi ikawaka kama iliyozimwa jana. TV ya inchi 43 tuliyoleta mwaka huu, kwa nyuma haina tundu la njano, jekundu wala jeupe, yale ya AV ya kupitisha picha na sauti. Ina matundu mawili ya HDMI, yale bapa yanayopitisha picha na sauti kwa waya mmoja, ina USB, na kitundu kimoja cha duara ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Nilipoandika hapa kwamba natafuta njia ya kuziunganisha, nikapata ujumbe kutoka Wete, Chake na Fuoni, wote wana shida hiyohiyo, na wawili walishauziwa kiboksi kama changu. Ndiyo nikaamua kuandika.

Sitazungumzia ukali wa picha, maana hapo hakuna la kuchagua. DVD ya mfumo wa PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu, ina mistari 576, TV yetu ina 1080, na hakuna waya utakaozaa mistari ambayo kamera haikuinasa. Nazungumzia umbo. Video nyingi za miaka ile zilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3, umbo la TV ya chogo. TV bapa ni 16 kwa 9. Picha ile ukiivuta ijaze skrini nzima, kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja. Uso wa sentimita 12 unakuwa wa 16. Muuzaji anaona skrini imejaa, anafurahi. Nilipomrudia akaniambia, "Dada, TV za kisasa ndivyo zilivyo. Picha imejaa, unataka nini tena?" Namtaka dada yangu, basi.

Ubaya wa kiboksi ni kwamba kinaivuta picha chenyewe, kisha kinaipeleka kwenye TV kama picha ya HD iliyokamilika. TV haijui kwamba ilikuwa 4 kwa 3. Ukibonyeza rimoti kutafuta umbo la picha, kuna TV zinazokupa kukuza tu, kupunguza hakuna.

Kwa hiyo nazipanga njia kwa kigezo kimoja tu, umbo.

Ya kwanza, wala sioni ya kushindana nayo, ni deki yenye tundu lake la HDMI. Na hapa sifichi, mimi ni mtu wa Panasonic, zile zenye jina linaloanza na DMR. Mpya madukani huzikuti kirahisi, utanunua mtumba, kwa hiyo igeuze uitazame mgongo kabla ya kuuliza bei, kwa sababu za mwanzo hazina HDMI. Ukishaichomeka, ingia kwenye menyu ya deki. Iambie kwamba TV ni ya 16 kwa 9, na upande wa HDMI chagua 576p, yaani ile mistari 576 ya DVD, badala ya 1080. Watu hunishangaa ninaposema hivi. Lakini ukipeleka 576p, TV nyingi hukuachia uchague 4 kwa 3 kwa rimoti. Yangu ya zamani haina HDMI, ndiyo maana nilihangaika. Sasa nimepata ya pili, na dada yangu amerudi umbo lake, na michirizi miwili myeusi pembeni. Bibi haipendi ile michirizi. Atazoea.

Waya wa HDMI nunua wowote usiolegea. Pale Mlandege nilionyeshwa mmoja wenye pini za rangi ya dhahabu, umeandikwa 4K, bei mara nne ya ule wa kawaida, ati "picha itatulia". Kwa mistari 576? Huo ni sawa na kukodi lori kubeba kilo ya sukari. Tena kijana wa duka aliniambia bila kupepesa, na mama mmoja nyuma yangu akautoa mfuko akanunua. Ningesema neno, lakini duka si langu.

Ya pili ni zile nyaya tatu za kijani, buluu na nyekundu, kama TV yako bado ina matundu hayo. Picha ni safi sana. Kumbuka tu kwamba zinabeba picha peke yake. Sauti inataka nyaya zake, nyekundu na nyeupe, kwa hiyo utakuwa na nyekundu mbili mkononi, na ukizichanganya utapata bi harusi wa kijani.

Ya tatu ndiyo inayodharauliwa, nayo ni kile kitundu cha duara. Kina upana sawa na cha spika za masikioni, na mara nyingi pembeni kimeandikwa AV. Kinapokea waya mfupi wenye kichwa kimoja upande huu na matundu matatu upande wa pili: njano, jekundu, jeupe. Picha yake haitakuwa kali kama ya HDMI, lakini TV inaipokea ilivyo na umbo unaliamua wewe. Kwa macho yangu inakishinda kiboksi cha Sh 35,000.

Na huo waya TV nyingi huja nao ndani ya boksi! Ila dukani hufungua boksi "kuijaribu", na unapofika nyumbani una TV, rimoti na miguu miwili ya plastiki. Ule waya umebaki kwenye droo ya muuzaji, utauziwa wiki ijayo. Siku ya kununua TV hesabu vilivyomo ndani ya boksi palepale, mbele yake. Ukilazimika kuununua peke yake, chukua wa aina ya TV yako, kwa sababu mpangilio wa pini haufanani. Ukikosea, picha haitoki, au sauti inanguruma kama nyuki.

Kiboksi ni cha mwisho. Kama TV yako haina njia nyingine, tafuta chenye swichi ya 4 kwa 3. Vipo, vinataka kuulizwa. Soma mwelekeo: kimoja kinatoa AV kupeleka HDMI, kingine kinafanya kinyume, na maboksi yao yanafanana kama mapacha. Kinataka umeme wa USB pia. Vile vya Sh 15,000 vinanenepesha watu, sina zaidi.

Deki zilizotoka Uingereza mara nyingi zina lile tundu pana la SCART. Adapta yake, ya kuligeuza liwe matundu ya njano, jekundu na jeupe, mara nyingi ina swichi ndogo ya kuingiza au kutoa. Iweke kwenye kutoa, la sivyo utaona skrini nyeusi na kumlaumu fundi.

Kuna aliyeniuliza kama ataweza kurekodi king'amuzi kwa HDMI. Hapana. HDMI ya deki hizi ni ya kutoa tu. Toa HDMI kwenye king'amuzi iende TV, na zile nyaya tatu za AV ziende kwenye deki. Utarekodi kwa ubora wa DVD, kama saa mbili kwa diski moja. Ukimaliza, funga diski kwenye menyu, palipoandikwa "Finalize", la sivyo deki ya shangazi yako haitaisoma.

Kuhusu yale maandishi ya ukutani, "Mali ikishauzwa hairudishwi": nilimwambia yule muuzaji kwamba mali sijaitumia, yenyewe ndiyo imenitumia. Hakucheka. Siku hizi naenda na DVD ya harusi kwenye mkoba, nawaambia wachomeke nione keki. Ikitoka yai, naondoka.

Na zile deki za Japani zinazouzwa bei ya kutupa, soma kibandiko cha nyuma kwanza. Nyingi ni za volti 100, umeme wetu ni 230. Jirani yangu alichomeka yake moja kwa moja. Hata diski hakuwahi kuitia.