Upasuaji mdogo wa kizinda: huduma niliyopata na mambo ya kutarajia

Kizinda changu kilikuwa na ukanda mwembamba wa nyama uliopita katikati na kuugawa mlango wa uke kuwa matundu mawili. Kwa kuwa hedhi ilitoka kama kawaida, hakuna aliyegundua mapema. Dalili zilikuwa tamponi iliyoingia kwa taabu na kukwama ikishavimba, na baadaye maumivu makali wakati wa tendo la ndoa. Hali hii si sawa na ya msichana ambaye kizinda chake hakina tundu kabisa. Yeye huumwa tumbo kila mwezi bila kuona damu, kwa sababu damu hujikusanya ukeni, na wakati mwingine hata mkojo hukataa kutoka. Msichana wa namna hiyo asicheleweshwe nyumbani kwa dawa za kutuliza maumivu.

Sifa kubwa ya hospitali niliyotibiwa ni maelezo niliyopewa kabla ya upasuaji. Daktari wa magonjwa ya wanawake aliniomba ruhusa kabla ya kunigusa, muuguzi wa kike akiwa pembeni, kisha akapitisha kijiti chenye pamba nyuma ya ule ukanda na kunishikia kioo nijionee mwenyewe mahali ulipoanzia na ulipoishia. Hakuna aliyenihoji kuhusu ubikira, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani hakuna uchunguzi wa kizinda unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe tangu mwaka 2018. Nilielezwa pia kwamba upasuaji huu haugusi mfuko wa uzazi wala hauondoi uwezo wa kupata mimba.

Siku yenyewe haina mengi. Kwa kawaida mgonjwa hukaa saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji, husaini fomu ya ridhaa, huwekewa dripu, kisha hupewa nusukaputi, ingawa kwa mtu mzima mwenye ukanda mdogo kama wangu ganzi ya mahali husika huweza kutosha. Ukanda hukatwa kwenye ncha zake zote mbili, na pale panapohitajika kingo hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Kwa kizinda kilichoziba, daktari hufungua tundu la kutosha na kuiacha damu nzito, nyeusi, itoke yenyewe kwa siku kadhaa. Kuinyonya kwa sindano tu hakufai, kwa sababu tundu dogo huziba tena na kukaribisha maambukizi. Kazi yote kwa kawaida haizidi nusu saa, na wengi huruhusiwa siku hiyohiyo, ila anayepewa nusukaputi anahitaji mtu wa kumsindikiza.

Mahali ambapo huduma ilinivunja moyo ni wakati wa kuruhusiwa. Karatasi niliyokabidhiwa ilitaja dawa za maumivu na neno «pumzika», basi. Mambo niliyoyahitaji zaidi niliyapata kwa kupiga simu: kwamba mkojo ungechoma siku za mwanzo, na kumiminia maji ya uvuguvugu wakati wa kukojoa kungepunguza ukali wake, kwamba kukalia beseni la maji ya uvuguvugu hutuliza uvimbe, kwamba matone ya damu kwa siku chache si jambo la kutisha, na kwamba nitumie pedi, niache tamponi na tendo la ndoa mpaka daktari athibitishe kuwa kidonda kimepona, jambo linalochukua wiki kadhaa. Muuguzi aliyepokea simu alinijibu kwa subira, lakini mgonjwa mwenye haya, na kwa suala hili wengi tunayo, pengine asingepiga kabisa.

Ningewashauri wengine waende hapo bila wasiwasi juu ya mikono ya madaktari, ila wasitoke wodini kabla ya kuandikiwa dalili za hatari: homa, uchafu wenye harufu mbaya, kushindwa kukojoa, au damu inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja. Waulize pia tarehe ya kurudi, kwa sababu wakati wa marudio ndipo daktari huangalia kama tundu limebaki wazi na kama kovu limelainika, na hapo ndipo mtu huambiwa kama yuko tayari kurejea maisha yake ya kawaida.