HSNP kaskazini mwa Kenya: kipimo ni kizuri, daftari ndilo linalohitaji kazi

Mfugaji wa Turkana au Mandera hasaidiki sana siku ambayo ng'ombe wake wameshalala chini na hawainuki. Husaidika miezi miwili mitatu kabla ya hapo, mnyama angali na nyama ya kuuzika na bei ya sokoni haijaanguka. Kwa miaka mingi msaada wa chakula ulikuja baadaye: tathmini ifanywe, ombi liende kwa wafadhili, meli itie nanga Mombasa, malori yapande kaskazini, na magunia yakifika zizi li tupu. HSNP, mpango wa fedha taslimu wa kukinga njaa katika kaunti kavu, ulibuniwa ili kuvunja mfuatano huo. Ndiyo maana naupima kwanza kwa kigezo hiki: fedha inafika mifugo ingali hai, au la.

Ulianza mwaka 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, sehemu kubwa ya fedha ikitoka Uingereza. Awamu ya pili, kuanzia 2013, iliwekwa chini ya NDMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, na awamu ya tatu ikalenga kuongeza Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River. Kaya iliyo kwenye orodha ya kudumu hupokea shilingi 2,700 kwa mwezi, zinazolipwa kwa mkupuo wa 5,400 kila baada ya miezi miwili. Hakuna sharti la kazi. Hapo mpango huu unatofautiana na ule wa Ethiopia ulioanza 2005, ambao kaya zenye watu wenye nguvu hufanya kazi za umma ili walipwe. Kwa wafugaji wanaohama, naona Kenya ilichagua vizuri. Mtu hawezi kukaa mahali pamoja akichimba mtaro wa kijiji wakati ngamia wake wako mwendo wa siku mbili wakifuata maji.

Kiasi chenyewe ndicho kinachosikitisha. Mwanzoni zilikuwa shilingi 2,150 kwa miezi miwili, zikikokotolewa kama robo tatu ya thamani ya mgao wa chakula wa WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa bei za mwaka 2006. Bei za vyakula zilipanda na kiwango kikapandishwa mara kadhaa hadi 5,400, kisha kikabaki papo hapo miaka mingi huku unga, sukari na mafuta vikiendelea kupanda. Isitoshe, ni kiwango cha kaya, si cha mtu. Nyumba ya watu wanne na nyumba ya watu kumi zinapata sawa. Urahisi wa usimamizi ninauelewa, kwa sababu kuhesabu vichwa katika manyatta zinazohama ni kazi ya gharama na ugomvi. Lakini hata ngazi mbili tu, kaya ndogo na kaya kubwa, zingepunguza dhuluma hii.

Hata hivyo 5,400 hufanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu nusu ya thamani yake iko kwenye daftari la mwenye duka. Akijua kwamba fedha ya mama fulani itaingia mwezi ujao, humkopesha unga na majani ya chai leo. Tathmini huru ya awamu ya kwanza ilionyesha kwamba kaya zilizolipwa zilipungukiwa kwa pointi 10 za asilimia uwezekano wa kutumbukia katika sehemu moja ya kumi iliyo maskini zaidi, na uchambuzi wa awamu ya pili ukakadiria kwamba shilingi moja inayoingia huzalisha mzunguko wa kati ya shilingi 1.38 na 1.93 katika uchumi wa eneo. Hesabu hizo zinategemea jambo moja dogo: malipo yafike siku yake. Yakichelewa mizunguko miwili, mwenye duka hufunga daftari, na yakija kwa pamoja baadaye yote huishia kwenye deni la zamani. Familia huwa imeshauza mbuzi jike wa kuzaa ili kupata unga. Kwa mlipwaji, ucheleweshaji ni hasara kamili, hata kama hazina inaona hakuna shilingi iliyopotea.

Sasa kipimo, ambacho ndicho fahari ya mpango huu. NDMA haingojei picha za mizoga kwenye televisheni. Inatumia VCI, kipimo cha hali ya uoto kinachosomwa na satelaiti. Kila kipande cha ardhi hulinganishwa na historia yake chenyewe: ukijani wa sasa uko wapi kati ya hali mbaya kabisa na hali nzuri kabisa iliyowahi kuonekana hapo katika kipindi kama hiki. Hutolewa wastani wa miezi mitatu kwa kila kaunti ndogo. Juu ya 35 hakuna ukame. Kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, na wanaolipwa ni wale wa orodha ya kudumu tu. Kikishuka chini ya 20, huo ni ukame mkali, na kaya za ziada katika kaunti ndogo hiyo huanza kuingizwa. Chini ya 10 ni ukame uliokithiri, na malipo ya dharura yanaweza kufikia hadi asilimia 75 ya kaya zote. Kila kaya ya ziada hupata kiasi cha mwezi mmoja, na ukame ukiendelea hulipwa tena.

Kilichowezesha hili ni kazi iliyofanywa kabla. Katika awamu ya pili kaya zipatazo 374,000 ziliandikishwa katika kaunti nne za mwanzo, karibu wakazi wote, zikapangwa kwa kiwango cha umaskini na kuanza kufunguliwa akaunti za benki. Zipatazo laki moja zikawa za kudumu, zilizobaki zikasubiri zamu ya ukame. Malipo ya kwanza ya dharura yalitoka Aprili 2015. Hakukuwa na haja ya kuanza kuandikisha watu katikati ya njaa, wala diwani hakupata nafasi ya kuvuta malipo kwake, kwa sababu namba ndiyo iliyoamua. Kwa hili naupa mpango alama za juu bila kusita.

Kipimo hicho kina mapengo, nayo yanajulikana. VCI inaona ukijani, haioni kama mnyama anaweza kuula. Mathenge, mti wa miiba ulioenea Turkana, Garissa na Tana River, hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha, na kichaka cha mathenge hakimlishi ng'ombe. Pengo la pili ni wastani. Kaunti ndogo kama North Horr ya Marsabit ni kubwa mno, na mvua ya upande mmoja inaweza kuinua namba ya eneo zima huku upande wa pili malisho yamekauka. La tatu ni kuhama. Mlipwaji ameandikishwa kwao, mifugo yake iko kaunti ndogo nyingine. Kwao kukinyesha kidogo, halipwi, ingawa ng'ombe wanakufa kule walikokwenda. Satelaiti pia haioni kisima kilichoharibika pampu wala malisho yaliyofungwa na mapigano. Maofisa wa NDMA katika kaunti hukusanya taarifa za ardhini kila mwezi (bei ya mbuzi, umbali wa kwenda majini, maziwa yanayokamuliwa, mzingo wa mkono wa watoto) na taarifa hizo zinastahili kuwa na uzito rasmi pale namba inapokaribia mpaka. VCI ya 21 na ya 19 hazina tofauti kwa mbuzi, lakini kwa mlipwaji ndiyo tofauti ya kupata na kukosa.

Na kipimo hakizalishi fedha. Kinapogonga 10 lazima mfuko uwe tayari umejaa, na hapa ndipo siasa za nje zinapoingia hadi ndani ya duka la kijiji. Malipo mengi ya dharura ya awamu ya pili yalitegemea fedha za Uingereza. Mwaka 2020 idara yao ya maendeleo iliunganishwa na wizara ya mambo ya nje, na mwaka uliofuata msaada wao wa nje ukashushwa kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5. Februari 2025 wakatangaza kuushusha tena hadi 0.3 ifikapo 2027. Katika miaka hiyo kaskazini mwa Kenya kulipita ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua iliyofeli, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, uliomaliza zaidi ya mifugo milioni mbili. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Benki ya Dunia imeingia kupitia mradi ulioidhinishwa 2018, na sehemu ya serikali ya Kenya katika malipo ya kudumu imekua, jambo la kupongezwa. Ila fungu la dharura haliwezi kutegemea mazungumzo ya kila mwaka na wafadhili. Wanaojadiliana na London au Washington kwa niaba ya Kenya wanapaswa kudai ahadi ya miaka kadhaa iliyofungwa na VCI yenyewe: namba ikishuka, fedha itoke bila kikao kipya.

Kuhusu huduma kwenye kaunta, wazo la kulipia kupitia maduka ni zuri. Tangu awamu ya kwanza Equity Bank iliwapa wenye maduka mashine za kulipia zinazosoma kadi na alama za vidole, na mlipwaji angeweza kwenda kwa ajenti yeyote siku yoyote badala ya kupanga foleni siku moja juani. Kinachoharibika ni haya. Vidole vya wazee waliokamua na kuchota maji maisha yote vimefutika mistari na mashine haivisomi. Ajenti hana fedha za kutosha dukani, hivyo anamwambia mtu arudi kesho, na kesho ni kilomita 30 kwa miguu. Ajenti mwingine hudai lazima ununue kwake. Tabia mbaya kuliko zote ni kumwachia mwenye duka kadi na namba ya siri, ati kwa usalama au kama dhamana ya deni. Ajenti hulipwa kamisheni na mfumo, kwa hiyo anayekata shilingi mia mbili kwa "kazi ya mashine" anaiba. Dai risiti, mtu unayemwamini akusomee kiasi kilichotoka na salio lililobaki, na kadi irudi mfukoni mwako kabla hujafungua mdomo kuagiza sukari.

Nimebakiza daftari la majina ya wanaolipwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi. Awamu ya kwanza ilijaribu njia tatu za kuchagua: jamii yenyewe kuteua maskini wake, kuhesabu tegemezi katika kaya, na kumlipa kila mwenye miaka 55 na zaidi. Uteuzi wa jamii ndio ulioonekana kuwafikia maskini vizuri kuliko njia nyingine. Awamu ya pili ikachanganya mchujo wa jamii na alama zilizokokotolewa kutokana na mali na hali ya nyumba, na matokeo yakakaribia bahati nasibu. Sababu haihitaji kompyuta: mahali ambapo karibu kila mtu ni maskini, tofauti kati ya kaya ya nafasi ya 90 na ya 110 ni mbuzi wawili, na ukame mmoja huibadilisha. Orodha iliyoandikwa mwanzoni mwa muongo haimjui mjane wa mwaka jana wala kijana aliyeoa juzi. Bila usajili mpya wa mara kwa mara, kipimo bora cha satelaiti kinaelekeza fedha kwa hali za kaya ambazo hazipo tena.

Halafu kuna kitambulisho. Bila kitambulisho cha kitaifa hakuna akaunti, na kaunti za mpakani ndiko kukipata kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa waombaji walipitishwa kwenye kamati za kuwahoji ambazo wenzao wa Nyeri au Kisumu hawakuziona. Rais Ruto alitangaza kuuondoa utaratibu huo akiwa Wajir Februari 2025. Wamebaki Wakenya wa Garissa na Wajir ambao familia zao ziliwahi kujiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili kupata chakula. Alama zao za vidole bado ziko kwenye kanzidata ya wakimbizi, na kwa sababu hiyo hunyimwa kitambulisho.

Kwa mwenye jamaa kwenye mpango huu, mwezi wa kushughulika ni ule ambao mvua bado ipo, si wakati foleni za dharura zimeanza. Jina kwenye kadi lilingane herufi kwa herufi na la kitambulisho, maana Abdi Hassan na Hassan Abdi ni watu wawili kwa mashine. Mpokeaji akifariki, familia iende kwa chifu mapema ikiwa na kitambulisho chake na cha atakayechukua nafasi, kisha malalamiko yaandikishwe katika ofisi ya NDMA ya kaunti na kumbukumbu yake ichukuliwe, kwa sababu akaunti iliyolala huondolewa kwenye malipo bila mtu kupigiwa simu. Mzee ambaye vidole havisomeki aandikishwe msaidizi anayetambulika rasmi, awe mtu wa nyumbani, asiwe ajenti. Na kaya isiyo ya kudumu iulize palepale ofisini kama imo kwenye orodha ya dharura na kama akaunti yake ilikamilishwa. Ziko ambazo ziliandikishwa na kupangwa, lakini hazikuwahi kufunguliwa akaunti kwa kukosa kitambulisho, na hizo hazitapata kitu hata VCI ikishuka hadi 5.